Nyumba ya Kumi na Moja

Barua ya kwanza ya dada yangu Batuli niliijibu kwa mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa salamu. Alikuwa ameandika kwamba mahindi ya serikali yamegawiwa kijijini kwao, jina la mumewe halikusomwa, na nyumba ina watu sita na kibaba kimoja cha mtama. Nikamjibu kwamba orodha inatoka kwenye mashine, na mashine haina mjomba wala shangazi, haimpendelei mtu wala haimsahau mtu. Amuulize vizuri mumewe alijiandikisha vipi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mpumbavu aliyesomeshwa. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunihurumia bure.

Batuli alinibeba mgongoni. Mama yetu alipokuwa sokoni, ni yeye aliyezunguka nami mtaa wetu wote wa Chemchem, mjini Tabora, kanga imemkaza kifuani, naye mwenyewe bado mtoto. Aliolewa na Masolwa, mkulima wa upande wa Igalula, aliyesilimu akapewa jina la Yahaya, jina ambalo halikutumika tena baada ya siku ya ndoa. Walikuwa na shamba zuri la mihogo na karanga. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni ya kuwakusanya watu vijijini, malori yalikuja yakawabeba wao na vyungu vyao mpaka kijiji kipya kilichoitwa Mwamko, kando ya ile njia ya zamani ya wapagazi, kwa sababu lori lingeweza kupita hapo. Shamba lilibaki nyuma. Mvua ikagoma. Ikawa njaa.

Mahindi ya msaada, yale ya njano, yalikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Nani apate kiasi gani ilikuwa kazi yangu.

Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani karibu na steshini ya Tabora, limepakwa rangi nyeupe na kuwekwa feni mbili. Mashine yenyewe, kompyuta, ililetwa na behewa la mizigo ikiwa imezungushiwa majani makavu kama mayai. Ilikuwa kuukuu, waliotupa walikuwa wamepata mpya. Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Modest, aliyesomea upadri seminari ya Kipalapala akaacha kabla ya kumaliza, ila sauti ya misa hakuiacha. Mwamvita alikuwa mpiga kadi: alizitoboa matundu kadi ngumu ambazo ndizo mashine ilizisoma, kwa kasi huku anasimulia habari za mtaa mzima, na hakukosea tundu. Mimi nilikuwa mtunga programu, nimerudi kutoka Ulaya na tai mbili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila balozi wa nyumba kumi aliandika nyumba zake kwenye karatasi: jina la mwenye nyumba na idadi ya watu wanaokula humo. Mwamvita alitoboa kadi moja ya balozi, yenye alama yake, kisha kadi moja kwa kila nyumba. Mashine ilizisoma kwa mfuatano, na programu yangu ikaiambia: ukiona kadi ya balozi, anza kuhesabu, soma nyumba, piga chapa jina na fungu lake, endelea mpaka ukutane na balozi mwingine, au hesabu ifike kumi. Ikifika kumi, kadi yoyote inayofuata iruke mpaka uione ya balozi mwingine. Hilo la kuruka niliona ni la akili sana. Niliogopa kadi iliyopotea njia isije ikaingia kwa balozi asiyehusika, mtu akala mara mbili. Kwa hiyo nikafunga mlango. Nyumba kumi ni kumi; nani aliwahi kusikia nyumba kumi zenye nyumba kumi na moja?

Niliijaribu kwa mabalozi wa Chemchem, ambao nyumba zao zilikuwa na namba za rangi milangoni. Ikatoka sawasawa. Bwana Modest akasema amina. Kadi zilipigwa mara moja tu, Septemba, zikawa zinarudiwa kila mwezi, na kijijini katibu alisimama na karatasi, akasoma majina. Usiposomwa huna fungu. Ukilalamika unaambiwa haya yametoka kwenye mashine, na watu wanyonge huishia hapo.

Barua ya pili ilikuja Desemba, imeletwa na gadi wa treni. Batuli aliandika kwamba nywele za watoto zimeanza kuwa nyekundu. Aliandika pia kwamba mumewe hajui kama ananiandikia, na kwamba hatasema lolote kwa katibu kwa sababu yeye ni balozi, na balozi hawezi kulilia chakula mbele ya watu wake. Nikampa gadi paketi mbili za unga ampelekee. Nilijiona mkarimu. Siku nzima nilipiga mluzi.

Mashine ile ilikuwa chumba cha pili, hatua kumi na tano kutoka mezani kwangu. Sikuinuka.

Masolwa alikuja mwenyewe mwezi wa pili, asubuhi, kwa treni. Sikumtambua mara moja. Koti lilikuwa lile lile la siku ya harusi, lakini aliyekuwa ndani yake alikuwa nusu ya mtu. Siku zote tukikutana alinitania utani wa mashemeji, ananiita mke mdogo, ananidai maji ya kuoga. Siku hiyo aliitikia shikamoo yangu, akavua kofia, akakaa kwenye kiti alichopewa na Mwamvita. Mwamvita akamletea chai yenye maziwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, kisha akasema hakuja kuomba chakula.

"Dada yako kaniambia juzi kwamba alikuandikia. Nimekuja kuiona hiyo mashine isiyotujua."

Nilimpeleka. Kusema kweli nilitaka kumwonyesha kwamba mashine ni safi na kosa ni lake. Hata wakati ule. Nilichukua sanduku la kadi za Mwamko, nikamketisha mbele ya meza ya kuiongozea, penye safu za swichi na taa ndogo ndogo, nikaanza kumfundisha kama mwalimu wa ngumbaru.

Nilimwambia kwamba mashine ikiachiwa inakwenda mbio, hakuna jicho linaloweza kuifuata. Maelfu ya maagizo yanapita kabla hujapepesa. Lakini inatii. Kila agizo limekaa mahali pake na kila mahali pana namba. Mimi naichagua namba ninayoitaka, naipanga kwa swichi hizi, ni kama kutega mtego njiani: mashine itakuja mbio, ikifika hapo itasimama tuli, na kila ilichobeba itakuwa imekishika vile vile. Hapo naweza kuitazama ndani. Taa zinanionyesha inahesabu ngapi, imeshika kadi ya nani, na agizo linalofuata ni lipi. Nikibonyeza kitufe hiki inapiga hatua moja tu, inasimama tena kuningoja. Nikitaka, nabadilisha kile ilichoshika, naiachia iendelee, nayo haitajua kwamba imebadilishiwa.

Masolwa alisikiliza bila kutikisa kichwa. Akasema, "Fanya."

Nilitega mtego mahali pa kusomea nyumba. Nikaiachia. Kadi za mabalozi wengine zikapita kwa kelele, kila iliposimama nikiiachia tena, ikafika kwa balozi Masolwa, ikasimama. Hesabu ilikuwa moja. Nikamsomea jina, akaitikia kwamba ndiye, jirani yake wa mashariki. Nikabonyeza. Mbili. Nikabonyeza. Tatu. Kila jina alilisindikiza kwa neno: huyu ana mguu mbovu, huyu mkewe amerudi kwao Nzega, huyu mpiga ngoma. Kwa muda nilisahau kwamba tunatafuta kosa. Tisa. Kumi alikuwa Eustadia.

"Huyu mjane," Masolwa alisema. "Aliletwa na lori la mwisho. Sasa nakuja mimi."

Nilibonyeza. Taa hazikwenda mahali pa kusomea nyumba. Zilikwenda mahali pengine, nilipopajua vizuri kwa sababu nilipatunga mwenyewe na kujisifia. Nikabonyeza tena. Kadi ikateleza, ikapita bila kupigwa chapa, ikaangukia kwenye trei pamoja na zilizokwisha. Niliiokota. Kwenye ukingo wake wa juu Mwamvita alikuwa ameandika kwa mkono, kwa herufi zake za mviringo: MASOLWA, 6.

Nilimuuliza ana nyumba ngapi. Akasema kumi na moja. Nikasema, sijui kwa nini nilisema, kwamba nyumba kumi ni kumi.

"Zilikuwa kumi. Akaja Eustadia. Ningemwacha barabarani?"

Na mbona alijiandika wa mwisho? Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyemuuliza kwa nini mwenyeji hanawi mikono kabla ya wageni. Balozi anaandika watu wake, akimaliza ndipo anajiandika. Aliniambia hajui balozi anayeanza na jina lake, labda huko mjini.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi yangu. Operesheni ilikuwa imeongeza nyumba kila mahali, lori juu ya lori, na mabalozi waungwana waliwapokea wageni, wakawaandika, wakajiandika mwisho. Kila balozi aliyefanya hivyo, mimi nilimruka. Tena nilimruka mtu ambaye hawezi kulalamika. Masolwa alinieleza jinsi ilivyokuwa kwake bila uchungu wowote, na afadhali angenitukana. Miezi ya kwanza majirani hawakuwaletea kitu kwa sababu walidhani balozi amepewa fungu lake kando, stoo, kama wakubwa wanavyopewa. Naye hakusema sivyo. Angesemaje? Batuli alikuwa akikoka moto na kuweka sufuria ya maji jikoni, moshi uonekane.

Mwamvita alitoka nje. Nilimsikia akipenga kamasi.

"Nassibu," Masolwa akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani aliponiita kwa jina langu. "Hiki kitu unaweza kukisimamisha popote unapotaka?"

Nikasema ndiyo, popote.

"Hata ile siku ya barua ya kwanza?"

Nikasema hata siku hiyo. Ingechukua nusu saa.

Alitikisa kichwa taratibu, akayageukia matumbo ya mashine yaliyokuwa yakinguruma kwa upole, akaniambia nitengeneze.

Kutengeneza kulikuwa rahisi, na urahisi huo ndio unaoniamsha mpaka leo. Sikuhitaji hata kutoboa kadi mpya za programu. Mashine ikiwa imesimama, nilikwenda mahali palipokuwa na ile kumi yangu, nikaifuta kwa swichi, nikaweka tisini na tisa. Mlango ukafunguka. Nikazirudisha kadi mwanzo, nikatega mtego mwingine, kabla tu ya kupiga chapa, nikaiachia. Ikaenda, kila iliposimama nikiiachia, ikampita Eustadia, na safari hii haikuruka. Ikaichukua kadi ya Masolwa, ikasimama nayo, imeishika.

Aliniuliza zile taa mbili zinazowaka peke yazo zinasema nini. Nikamwambia ni idadi ya watu wa nyumba yake. Taa hii inahesabiwa nne, hii inahesabiwa mbili, ukijumlisha unapata sita.

Alizisogelea, akainama.

"Weka wanne," alisema.

Aliniambia mwenyewe, akizitazama zile taa. Mama yake mzazi alikwenda wiki ya pili ya Januari. Sikuzani, yule mdogo aliyekuwa akijifunza kuita jina langu, alikwenda Ijumaa iliyopita, wakati wa adhuhuri, mgongoni kwa Batuli. Batuli alikuwa anapepeta makapi. Aliendelea kupepeta, hakujua.

Nilinyoosha mkono kwenye swichi. Nataka niseme sawasawa nilichofanya, maana nimekwisha kulizunguka jambo hili miaka mingi. Kuibadilisha sita iwe nne hakuhitaji kugusa taa ya nne. Unazima ile ya mbili tu. Nilishusha swichi moja, taa ya mbili ikazimika, ikabaki moja. Nikabonyeza kitufe cha kuendelea. Mtambo wa chapa ukagonga mstari mmoja: MASOLWA, WATU 4, na debe lao. Mashine haikusita hata kidogo. Ikasimama kwa jina lililofuata, ikaningoja.

Niliuondoa mtego nikaiachia iende. Kisha nikaleta masanduku mengine, ya wilaya nzima, nikayapitisha yote, na nikaiagiza itoe kando majina yale tu ambayo hayakuwahi kusomwa. Karatasi ikaanza kutoka. Ikatoka, ikajikunja sakafuni, ikatoka. Nyumba mia tatu na kumi na tisa. Karibu wenye nyumba hizo wote walikuwa mabalozi.

Bwana Modest alirudi saa sita kutoka mkutanoni. Alisoma karatasi amesimama, akaketi, akaisoma tena. Akasema orodha hii itapelekwa, chakula kitatoka kwa behewa la wiki hiyo hiyo, na barua ya kuisindikiza itaandikwa kwamba hizi ni kaya zilizochelewa kujiandikisha. Alikuwa ananikinga mimi, na mimi nilikubali kukingwa. Masolwa alikuwa pale pale kwenye kiti, amesikia neno kwa neno kwamba amechelewa.

Modest alipoingia ofisini kwake, Masolwa aliinama, akashika ncha ya karatasi iliyokuwa sakafuni. Hakuwa hodari wa kusoma, lakini tarakimu alizijua. Alipitisha kidole kwenye safu ya idadi ya watu. Saba. Tano. Nane. Sita. Nane.

Akaniuliza kama na hawa nimewasimamishia mashine. Nikasema hapana.

"Hizi ni za tangu Septemba?"

Nikasema ndiyo, ni za tangu siku walipoandikwa. Nikasema naweza kuibadilisha kila moja kama nilivyobadilisha yake, ila sijui iwe ngapi. Hakuna awezaye kuniambia. Mashine ina ile tu iliyopewa.

"Wenyewe wanajua," alisema. Alivaa kofia yake. "Treni inaondoka saa nane. Twende ukawaulize. Uanze kwetu. Batuli amesema uje, khitma ya mtoto ni kesho, na hakuna mtu wa kwao."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasorobo. Kutoka pale mpaka steshini ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Nilikuwa na viatu vizuri miguuni. Modest angeniruhusu. Nilikiona kila kitu waziwazi: kile kibanda cha Mwamko, wanawake mkekani, Batuli anainua uso mlangoni kikiingia kivuli, nami nasimama hapo na mikono yangu hii. Baada ya hapo nyumba ya pili, na ya tatu, nyumba mia tatu na kumi na tisa, kila moja nabisha hodi na kuuliza mmebaki wangapi.

Nikamwambia Masolwa kwamba nina kazi, lazima niyapange mabehewa ya Igalula.

Hakubishana. Alikaa tena kwenye kile kiti, kofia kichwani, mikono magotini, akaningoja. Nilikwenda mezani kwangu nikafungua daftari, nikaandika vitu ambavyo sikumbuki. Mwamvita aliacha kupiga kadi. Saa nane kasorobo honi ya treni ililia. Masolwa aliinuka, akamshukuru Mwamvita kwa chai, akanitazama mara moja, akaenda.

Mahindi yalifika Mwamko siku tano baadaye, nami nilihakikisha kwa simu ya steshini kwamba debe la Masolwa limepokelewa. Zile idadi nyingine zilibaki kama zilivyokuwa. Katibu wa kijiji kimoja alituma ujumbe wa kushukuru: mashine imewapa watu wake chakula kingi kuliko walivyotegemea.

Batuli hakuniandikia tena. Mwaka sabini na tisa mama yetu alipofariki alikuja Chemchem kumzika. Alinikuta mlangoni, akanipa pole kwa kufiwa na mama, kwa adabu kamili, kama anavyopewa pole jirani. Nikasema nami nampa pole kwa Sikuzani. Alisema asante, akauliza jeneza linatoka saa ngapi.